Antena ya Misa ya Delphine

Florian Przybylski alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi huko Wisconsin, kaskazini kabisa, ambako theluji huanguka kabla watu hawajamaliza kukusanya maboga yao. Aliingia kiwandani mara tu alipotoka shule, akafanya kazi kwenye mashine zile kubwa mpaka masikio yakaanza kumsaliti. Alipostaafu, yeye na mkewe Delphine waliuza nyumba yao, wakanunua gari-nyumba kuukuu lenye mstari wa kahawia ubavuni, wakaanza kuishi kama tunavyoishi sisi: kiangazi kaskazini, na baridi ikianza, kusini, kwenye jangwa la Arizona, nje ya mji mdogo wa Cholla Wells. Mimi na mke wangu Ardith tuliegesha jirani nao kila msimu. Jina lao la ukoo sikuweza kulitamka sawasawa kwa muda mrefu, na Florian alinisamehe, maana alisema hata bosi wake wa kiwandani alistaafu bila kuliweza.

Alikuwa mrefu, mzito, mwenye mikono kama sepetu na maneno machache. Delphine alikuwa mdogo wa umbo, mcheshi, na kila mwaka alitupikia supu ya kabichi chachu na soseji ambayo Ardith aliisifu mbele yake na kuilalamikia nyuma yake. Ungewaona wameketi kwenye viti vyao vya kukunja jioni, yeye akiongea, mume akiitikia kwa kichwa, ungesema hapa hakuna neno zito lililowahi kupita.

Lilikuwapo. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Gerard. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alivuka ziwa lililoganda akiwa juu ya pikipiki ya theluji, barafu ikapasuka, akazama. Siku ya maziko padri wa parokia yao alisema kutoka madhabahuni kwamba wazazi wasilie, kwa kuwa Mungu alimhitaji Gerard kuliko wao walivyomhitaji. Florian alisimama kwenye benchi la mbele, akawapita watu wote katikati ya kanisa, akatoka nje. Tangu siku ile hakuingia tena kanisani. Delphine hakuacha. Kila Jumapili, popote walipokuwa, Florian alimpeleka hadi mlangoni, akaegesha, akamsubiri ndani ya gari mpaka misa iishe, kisha akamrudisha nyumbani. Waliishi hivyo zaidi ya miaka thelathini. Haya aliniambia Delphine mwenyewe, tukiosha vyombo, kwa sauti ileile ambayo angeniambia kwamba mume wake hali vitunguu.

Msimu ninaousimulia, walichelewa kufika. Delphine aliteremka akiwa ameshikwa mkono, na puani ana mirija miembamba ya plastiki. Moyo wake ulikuwa umechoka, ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji yakajaa mapafuni. Ndani ya gari kulikuwa na mashine ya oksijeni yenye ukubwa wa sanduku la safari, ikinguruma mchana na usiku. Daktari alikuwa amewakataza safari.

"Nimemwambia daktari," Delphine alituambia akitabasamu, "kama ni kufa, nife nikiwa nimeota jua. Theluji nimeshaiona ya kutosha."

"Hatujaja hapa kufa," Florian akasema, akienda kufungua mlango wa mizigo.

Kanisani hakuweza kwenda tena. Barabara ya kutoka kambini kwetu ni mawe na vumbi, na kila shimo lilimkata pumzi. Padri naye hufika Cholla Wells mara moja tu kwa mwezi. Kilichobaki kilikuwa Misa ya wagonjwa, inayorushwa kila Jumapili saa tatu asubuhi na kituo kimoja cha televisheni cha mji mkubwa. Mtandao wa simu kule kwetu unakuja na kuondoka upendavyo, na dishi la setilaiti halina chaneli ile. Ilikuwa ni antena au basi.

Jumapili ya kwanza Ardith alikwenda kukaa naye. Padri alitokea kwenye kioo akainua mikono, na mikono ikabaki hukohuko juu. Uso ukakatika vipande vya mraba kama kigae kilichodondoka. Sauti ikatoa neno moja, ikakata, ikatoa jingine, ikanyamaza. Delphine alisubiri hadi saa nne ilipokaribia, akazima, akachukua rozari. Hakulalamika hata kidogo. Florian alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, akaona yote. Mchana ule, akiwa na miaka yake sabini na kitu, alipanda juu ya paa.

Delphine alitoa kichwa dirishani. "Unafanya nini huko juu, mzee? Utaanguka, halafu nani atanichemshia kahawa?"

"Namtafuta padri wako."

"Huko juu hayupo!"

"Hilo nimekwambia miaka yote," Florian akajibu, na Delphine akacheka mpaka ikabidi ashike mirija yake isitoke.

Kazi ile ilikula majuma mengi. Kwanza aligundua kwamba antena ya paani, ile bapa inayoinuliwa kwa mkono wa kuzungusha kutoka ndani, ilikuwa imeelekezwa upande usio na kitu ila milima mitupu. Mnara uko mashariki, nyuma ya pengo la vilima viwili. Aliigeuza kwa kufuata dira, akaiambia televisheni itafute chaneli upya, maana ukihama mahali bila kufanya hivyo televisheni inaendelea kuzitafuta zile za kule ulikotoka. Zikaja chaneli nyingi: mapishi, wachunga ng'ombe wa zamani wakipigana bastola, mtu mmoja akiuza sufuria bila kupumua. Ya Misa haikuwamo.

Royce, ambaye zamani alikuwa fundi wa mapaa na aliegesha upande wa pili wa korongo kavu, alikuja kuchungulia. Yeye alikuwa na dishi na hakuacha mtu asahau.

"Florian, mzee wangu, hiki kitaa kidogo pembeni ya televisheni ni cha nini?"

"Cha busta, ya kukuza picha."

"Mbona hakiwaki?"

Florian akainama, akakitazama. Akabonyeza kitufe. Kitaa kikawaka kijani.

"Basi umepanda paa siku zote hizi, na busta imezimwa!" Royce akapiga paja lake. "Ngoja nikawaambie wenzangu."

"Waambie," Florian akasema. "Waambie pia ni nani aliyenisaidia kusawazisha gari mwaka jana likabaki limelalia upande mmoja."

Busta ilisaidia kidogo. Kisha akaufuata waya hadi juu paani, akakuta kichwa chake, pale unapojifunga kwenye antena, kimeoza kwa kutu ya kijani. Akakikata, akafunga kipya, akakiziba kwa mpira dhidi ya mvua. Sasa chaneli ya Misa ikaanza kuonekana kama mtu anayepita nyuma ya uzio wa mbao: unamwona, humwoni, unamwona. Jumapili ile Delphine alipata somo la kwanza na nusu ya zaburi.

Jambo lenyewe lilijulikana kwa bahati. Siku moja mchana Delphine alikuwa nje juani akipumua kwa mtungi mdogo wa akiba, na Florian akazima inveta ili aongeze maji kwenye betri. Televisheni yao ndogo ilikula umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo ikabaki inawaka. Ghafla nikamsikia akiita, "Hollis! Njoo uone!"

Nikaingia. Chaneli ile ilikuwa safi kabisa. Mwanamke wa taarifa ya habari alionekana hadi nywele zilizomtoka nyuma ya sikio.

"Sasa tazama," Florian akasema. Akawasha inveta. Mwanamke akakatika vipande, akaganda, kioo kikawa cheusi. Akaizima. Mwanamke akarudi.

Tulitazamana. Inveta ndiyo inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na ile yao ya bei rahisi ilikuwa ikitoa kelele isiyosikika kwa masikio lakini inayoziba chaneli ile. Na inveta hiyohiyo ndiyo iliyoendesha mashine ya oksijeni.

Florian akaketi kwenye ngazi ya mlango. Delphine alikuwa amesikia kila kitu.

"Basi izime," akasema. "Jumapili tu, saa moja tu. Nina pumzi ya saa moja."

"Sizimi."

"Nitatumia mtungi."

"Mtungi ni wa kukupeleka hospitali. Ukiisha, anayeleta mwingine anakuja lini, unajua? Sizimi."

"Florian, ni Misa yangu."

"Na hiyo ni pumzi yako."

"Pumzi nayo ni yangu," Delphine akasema taratibu, na mimi nikakumbuka kwamba nina shughuli kwangu.

Jumapili iliyofuata Florian alichukua madumu akaenda kuteka maji mjini. Sisi tulidhani Delphine bado amelala. Alirudi mapema kuliko alivyosema, akasikia kimya ndani ya gari. Mashine haingurumi. Delphine alikuwa ameketi mbele ya televisheni, midomo yake ya buluu, mirija shingoni, macho yamekazwa kwenye kioo ambako padri alikuwa ameinua hostia. Picha ilikuwa safi kama maji. Florian akaruka, akabonyeza inveta. Mashine ikaanza kunguruma. Padri akapotea.

Nilisikia akipiga kelele, na katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Unataka kuniacha? Unataka nije nikukute hivyo? Kwa ajili ya nini, Delphine? Kwa ajili ya nini?"

Yeye hakuweza kujibu mpaka alipopata pumzi. "Nilimwona akiinua mkate," akasema.

Muda mfupi baadaye Florian alikuja kwetu. Ardith alimpa kahawa. Akakiweka kikombe chini bila kunywa. Halafu akasema, "Kelele iko ndani ya gari. Kwa hiyo antena isikae kwenye gari. Nataka mlingoti. Nataka uwe mbali, kule juu ya kichuguu cha mawe. Utanisaidia?"

"Nitakusaidia."

"Usiniulize kwa nini."

"Sijauliza."

Muuza vifaa wa mjini alitueleza kwamba antena bapa za paani hupokea vizuri chaneli nyingi, lakini ile tunayoitaka inarushwa kwa mawimbi marefu, na inataka antena ya mtindo wa zamani, yenye mikono mirefu kama mifupa ya samaki. Dukani hakuwa nayo. Tulikwenda nyumba hadi nyumba tukitazama mapaa, wazee wawili kwenye gari la kazi, watu wakidhani tunapiga hesabu ya kuiba. Mwishowe mjane mmoja, Bi. Eulalia Barraza, alituambia tupande tuichukue ya kwake. Tangu mumewe afe hakuna aliyeitumia ila njiwa. Florian alipomweleza ni ya kazi gani, mama yule alikwenda jikoni akarudi na tamale, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda, zilizofungwa kwenye taulo. "Mpelekee mgonjwa," akasema. "Na aniombee, mimi nami nina magoti mabaya."

Tulisimamisha mlingoti wa mabomba juu ya kichuguu, tukaufunga kwa kamba pande zote, misingi yake tukaizungushia mawe. Waya ukawa mrefu mno, na waya mrefu hunywa nguvu ya picha njiani, kwa hiyo Florian akafunga busta mpya hukohuko juu, karibu na antena yenyewe, ili ikuze picha kabla haijaanza safari. Alasiri ya kujaribu, Ardith alikaa ndani na Delphine, mimi nikasimama katikati, Florian juu akiushika mlingoti.

"Bado!" Ardith akapiga kelele.

"Bado!" nikarudia.

"Nini?" Florian akauliza. Masikio yake, na upepo.

"Geuza kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako!"

"Imekuja! Hapo hapo! Usiguse! … Umegusa! Nani kakwambia uguse?" Ardith akapaza sauti.

Royce alikuwa ameleta kiti chake akae atazame. "Mzee," akaita, "unamtafuta padri au unakoroga uji?"

"Njoo ukoroge wewe!"

Na Royce, haki yake apewe, alipanda akaja kushika kamba. Walizungusha kidogo kidogo, upana wa kidole, hadi kelele za Ardith zikaisha. Nilidhani picha imekufa. Nikaenda kuchungulia. Mashine ilikuwa inanguruma, mirija iko puani pa Delphine, na kwenye kioo kulikuwa na watoto wakicheza kwenye uwanja wa shule, tangazo la maziwa nadhani, kila jani la mti linaonekana. Delphine alikuwa amevua miwani akiifuta, akiifuta tena.

"Mwambie ashuke," akasema. "Mwambie imetosha."

Tangu hapo alipata Misa yake. Lakini Florian hakuketi naye. Jumapili saa tatu ilipokaribia alimwekea kahawa, akamfunika miguu blanketi, akapanda kichuguuni akaushika mlingoti hadi Misa iishe, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Siku za upepo ilikuwa na maana, kwa sababu ukiyumba tu picha inaganda. Siku nyingine jangwa lilikuwa limetulia hata mvuke wa kahawa unakwenda juu moja kwa moja.

"Upepo uko wapi leo?" Ardith akamuuliza.

"Unakuja," Florian akajibu.

Februari ndio mwezi aliokufa Gerard. Delphine alikuwa amedhoofika, analala amekaa kwa mito mgongoni. Alimwomba Ardith akienda mjini apige simu kwa wale wanaoandaa Misa, maana kila Jumapili husoma majina ya wagonjwa na marehemu. Jumamosi jioni alimwambia mumewe. Ardith alikuwepo akimsaidia kuchana nywele, na ndiye aliyenisimulia yote haya.

"Kesho watamtaja Gerard."

Florian alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Sikulazimishi usikilize," Delphine akasema. "Nakwambia tu, usije ukasema nilikuficha."

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Namenya viazi, Delphine."

Asubuhi alifanya yote kama kawaida: kahawa, blanketi, kichuguu. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi. Misa ilipofika kwenye maombi ya waamini, Ardith alisikia kokoto zikilia nje, akamwona amefika mlangoni. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine ukabaki chini kwenye mchanga. Padri wa televisheni, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alikuwa anasoma majina polepole. Akafika pale.

"… na Gerard Pri … Prizi … Gerard, mtoto wa Delphine na Florian, aliyefariki ziwani."

"Hajui hata kulitamka," Florian akasema.

"Na wewe darasa la kwanza ulilia ukiliandika. Mama yako aliniambia."

Alicheka kwa pua, mara moja, halafu kicheko kikamgeukia. Akapanda ngazi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva kilichogeuziwa ndani. Padri aliendelea na majina mengine. Ardith alitaka kutoka lakini Florian alikuwa ameziba njia.

"Yule padri wa maziko aliniambia Mungu alimhitaji kuliko mimi," Florian akasema baadaye, padri wa televisheni akiwa anaandaa madhabahu. "Alijuaje? Alikuwa na mtoto yule?"

"Najua. Mimi nami nilimkasirikia."

Akageuka. "Wewe?"

"Sikumpa mkono mpaka alipohamishwa. Hukuona, ulikuwa nje."

"Hukuniambia. Miaka yote hii, Delphine."

"Ningekuambia ungesema, basi usiende. Na mimi nilitaka kwenda." Alisita avute pumzi. "Unadhani nilikuwa naenda kufanya nini kule? Wewe ulikasirika siku moja ukatoka. Mimi nimekuwa nikienda kumwambia Mungu jambo hilohilo kila Jumapili. Kila Jumapili, Florian. Mpaka leo."

Florian aliangalia mikono yake. Padri aliinua hostia. Florian hakupiga goti wala hakufanya ishara ya msalaba, lakini alibaki kitini hadi wimbo wa mwisho, na picha haikuganda hata mara moja ingawa hapakuwa na mtu wa kushika mlingoti. Baada ya hapo, kila Jumapili alikaa mle ndani. Wakati mwingine alisinzia kwenye mahubiri, na Delphine akamtupia kitambaa.

Delphine alifariki Machi, siku ya katikati ya juma, asubuhi. Aliomba kahawa, na Florian alipogeuka na kikombe alikuwa amekwisha kwenda. Tulimkuta Florian ameketi kitandani amemshika mkewe mguu, mashine bado inanguruma. Ardith ndiye aliyeizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko jangwa lote lile. Royce alikuja akavua kofia, akasimama nje hadi gari la kumchukua marehemu lilipofika, na siku ile hakufanya mzaha wowote.

Mwili ulitangulia kwa ndege. Florian hakutaka kupanda ndege, kwa hiyo nilikwenda naye kwa gari lake kaskazini, tukipokezana usukani. Njiani aliongea zaidi kuliko nilivyomsikia miaka yote: kuhusu Gerard alivyokuwa mvivu wa kuamka, kuhusu kiwanda, kuhusu siku alipomwona Delphine mara ya kwanza kwenye dansi akakanyagwa naye vidole. Theluji tuliikuta Iowa. Wisconsin ilikuwa imezikwa nyeupe.

Kanisa lilikuwa lilelile. Mlangoni alisimama, na mimi nikasimama nyuma yake, na watu nyuma yangu wakasimama. Kisha akaingia, akaenda hadi benchi la mbele. Padri alikuwa kijana aliyekuja parokiani juzi juzi. Alisema kwa unyofu kwamba hakumfahamu marehemu, na akauliza kama mume wake angependa kusema neno. Niliona wazee kadhaa wakitazamana; wale walikuwepo siku ile nyingine.

Florian alisimama. Aliongea kwa sauti kubwa kidogo, kama wasiosikia vizuri wanavyoongea.

"Delphine alikuwa anakuja hapa kila Jumapili," akasema. "Mimi nilikuwa nje kwenye gari. Wengi wenu mlipita mkaniona. Nataka mjue kwamba sikuwa nimekwenda mbali. Ni hilo tu."

Akaketi.

Hatukuweza kumzika. Ardhi ya kule mwezi Machi ni ngumu kama chuma, na marehemu huhifadhiwa hadi ilainike. Florian alibaki kwa mpwa wake, binti wa dada yake. Niliporudi Arizona tuliushusha mlingoti, mimi na Royce, na ile antena tukamrudishia Bi. Barraza, ambaye hakutaka kuipokea ila aliuliza siku ya maziko ili amwombee.

Florian alitupigia simu katikati ya Mei, sisi tukiwa tayari tumehamia milimani. Ardith aliweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Tumemlaza leo," akasema. "Karibu na kijana. Ardhi ilikuwa laini, hata koleo halikupiga kelele."

"Na wewe, Florian?" Ardith akauliza. "Unakula?"

"Nakula. Huyu mtoto anatia sukari kwenye kabichi, sijui alifundishwa na nani. Kesho nitapanda nyanya. Mpwa anasema ni mapema mno, baridi inaweza kurudi."

"Basi subiri."

"Nitazifunika," akasema.